Kikundi kidogo cha taarab: vyombo vipangwe vipi ili maneno ya mwimbaji yasikike?

Mpiga Udi, Tanga

Salaam kwenu ndugu zangu. Kikundi chetu kinapiga taarab ya asili, na kazi zetu nyingi ni harusi katika kumbi za hapa Tanga, ingawa mara nyingine hualikwa Pangani tukapiga uwanjani. Tuna udi, fidla mbili, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), akodiani, gitaa la besi, dumbaki na rika (tari ndogo), pamoja na waimbaji wawili wanaopokezana na waitikiaji watatu. Mitambo yetu ni mikisa ya njia 12, spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani yake, na spika mbili ndogo za kujisikilizia ambazo huwekwa sakafuni mbele ya waimbaji.

Shida ni kwamba tukipandisha sauti ya mwimbaji ili shairi lifike nyuma ya ukumbi, mitambo hupiga mluzi, hasa wageni wanapokuja kutunza naye akasogea mbele kuwapokea. Tukiishusha, husikika dumbaki na besi tu, na mafumbo yote ambayo watu wameyafuata yanapotea. Udi nao, tulioubandikia kinasasauti, hunguruma kila mpiga besi anapoongeza nguvu. Wenzangu wanataka tuchange fedha tununue spika za inchi 15. Naomba ushauri wa wenye kazi yao kabla fedha hizo hazijatoka.

Fundi Mitambo, Unguja

Ndugu yangu, fedha hizo zisitoke kwanza. Mluzi unatokea kwa sababu sauti inayotoka kwenye spika inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena, na mzunguko huo unajirudia mpaka mlio mmoja unawashinda wenzake. Spika kubwa zaidi haiuvunji mzunguko huo. Hata ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu za ziada, nyongeza ambayo msikilizaji wa nyuma ataitambua kwa shida, wakati kumwambia mwimbaji asogeze maikrofoni kutoka sentimita 20 hadi sentimita 5 kutoka mdomoni kunakupa takribani desibeli 12 bila gharama yoyote.

Anzeni na nafasi za vitu. Spika kubwa zisimame mbele ya mstari wa waimbaji, kwa mita mbili hivi kama ukumbi unaruhusu, na ziinuliwe juu ya vichwa vya watu, kwa sababu sauti nyembamba zinazobeba konsonanti za maneno huzuiwa na miili ya walio karibu na kamwe hazifiki nyuma. Wageni wanaotunza wapewe njia ya kupanda hadi alipo mwimbaji. Yeye asiwafuate mbele ya spika. Tandikeni zulia, na mwimbaji ajue kwamba mwisho wa zulia ndio mpaka wake. Najua kwamba kutunza ni sehemu ya furaha ya harusi yenyewe, na ndiyo maana nafasi hiyo inastahili kupangwa mapema na mwenye shughuli badala ya kuachwa ijipange yenyewe usiku ule.

Kisha tazameni aina ya maikrofoni. Nyingi za waimbaji, ikiwemo Shure SM58 inayoonekana kila mahali, zinasikia vizuri kwa mbele na ni kiziwi kwa nyuma kabisa, kwa hiyo spika ya kujisikilizia ikae moja kwa moja nyuma ya mkia wa maikrofoni. Zipo nyingine zenye usikivu mwembamba zaidi ambazo zina masikio kidogo nyuma, na kwa hizo spika isogezwe pembeni, kiasi cha digrii 125 kutoka upande wa mdomo. Mwimbaji asikifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, maana akifanya hivyo inaanza kusikia kila upande.

Jambo la mwisho ni idadi. Kila mnapoongeza maradufu maikrofoni zilizo wazi, mnapoteza karibu desibeli 3 kabla ya mluzi. Waitikiaji watatu waimbie maikrofoni moja au mbili, na ifungwe wakati hawaimbi. Dumbaki ndani ya ukumbi haihitaji maikrofoni kabisa.

Mpiga Besi, Mombasa

Nakubaliana na Fundi isipokuwa kwa dumbaki, kwa maana amezungumzia ukumbi peke yake. Nje hakuna kuta za kuirudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua kwa desibeli 6. Mkipiga Pangani, dumbaki ipewe maikrofoni yake, la sivyo wanaocheza upande wa nyuma watapoteza mapigo.

Kuhusu udi, bakuli lake ni sanduku la hewa linaloitikia sauti nzito, kwa kawaida kati ya 100 na 200 Hz, na besi ikilipiga linatetemeka lenyewe, kinasasauti kinachukua mtetemo huo na kuupeleka kwenye spika. Mpiga besi awe na amplifaya yake ndogo, iwekwe upande wa pili wa jukwaa mbali na udi, na besi isipitishwe kabisa kwenye spika za inchi 12 mnapokuwa ndani. Hapo spika hizo zitabaki na nafasi ya kutosha kwa sauti za watu. Ngurumo ikibaki, tafuteni kwa ekwalaiza ya mikisa (vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba) mahali inapolia na kupunguza hapo tu, kwa upana mdogo. Mkikata sauti nzito zote, udi utabaki kama kopo.

Tazameni pia unavyounganishwa. Kinasasauti cha kubandika kinahitaji tundu lenye ukinzani wa megaohmu 1 au zaidi, ilhali tundu la kawaida la mikisa huwa na kiloohmu 10 hivi, na ndiyo maana udi mwingi wa majukwaani husikika mkavu na mkali. DI boksi (kisanduku cha kuunganishia ala na mikisa) yenye amplifaya ndani, iliyotengenezwa kwa ala za namna hiyo, huuondoa ukali huo, na mimi ningeinunua kabla ya spika yoyote. Kanuni isibandikwe kitu. Ipewe maikrofoni ndogo ya kondensa juu ya nyuzi, na msisahau kuwasha volti 48 kwenye mikisa, umeme ambao maikrofoni hiyo huuhitaji ili ifanye kazi.

Fundi Umeme, Dar es Salaam

Naongeza la umeme, kwa sababu nimeona wanamuziki wakirushwa na maikrofoni jukwaani. Tundu moja la ukutani la ampea 13 kwa volti 230 hubeba karibu wati 3,000, na mitambo aliyoitaja muulizaji haifiki huko, kwa hiyo vyote vichukue umeme kutoka tundu moja. Mkichukua hapa kwa mikisa na upande wa pili wa ukumbi kwa amplifaya ya besi, mara nyingi hutokea mvumo usiokwisha. Wapo wanaokata waya wa ardhi ili kuuondoa mvumo huo, nami naomba sana jambo hilo lisifanyike, kwani ule waya ndio unaomlinda mtu mwenye midomo yake kwenye chuma. Wekeni swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Waya wa kuzungusha kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, kwa kuwa ukibaki umezungushwa hupata moto hata kuyeyuka.

Mkitumia jenereta, iwashwe na iachwe itulie kabla ya kuunganisha chochote, halafu washeni mikisa na mwisho spika. Wakati wa kuzima, spika zitangulie.

Mpiga Udi, Tanga

Nawashukuru sana kaka zangu. Nimeelewa kuhusu spika na udi, na hoja ya kununua nitaizuia kikaoni. Limebaki moja: waimbaji wetu hudai kila ala iingizwe kwenye spika zao za kujisikilizia, na wasipopewa husema hawasikii ufunguo (sauti ya msingi ya wimbo). Je, nao tuwanyime?

Fundi Mitambo, Unguja

Wapeni sauti yao wenyewe na akodiani kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia ufunguo, na mpiga fidla wa kwanza akae karibu nao wamsikie kwa masikio. Kabla ya wageni kuingia, kateni sauti zilizo chini ya 100 Hz kwa waimbaji wote, kisha pandisheni maikrofoni moja polepole mpaka dalili ya mluzi ianze, punguzeni mlio ule kwenye ekwalaiza, rudieni kwa mlio wa pili na wa tatu, halafu shusheni yote desibeli 3 kwa usalama. Ukumbi ukijaa, nguo na miili ya watu itameza sauti nyembamba, kwa hiyo mmoja wenu asiyepiga ala aende akasimame nyuma kabisa wakati wa ubeti wa kwanza, na akishindwa kuufuata, ala ndizo zishushwe.