Waandaaji, orodha ya marufuku ya mmoja kwa mmoja haina kazi kwenye mashindano ya wawili wawili

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mashindano ya Pokémon niliyojiandikisha yalitangazwa tangu mwanzo kuwa ya wawili wawili, yaani kila upande una viumbe wawili uwanjani kwa wakati mmoja, kila mchezaji akija na viumbe sita na kuchagua wanne kwa kila mechi, na timu zetu zote zikakaguliwa na kupitishwa. Raundi ya pili ilipokwisha, waandaaji wakabandika orodha ya viumbe na mbinu walizozipiga marufuku, wakasema inaanza kutumika papo hapo. Anayeufuatilia mchezo huu akisoma mistari michache tu ataitambua: ni orodha ya Smogon, jumuiya ya mtandaoni ya wachezaji inayojiwekea kanuni zake, ya daraja lao la OU, ambalo ni la mechi za mmoja kwa mmoja, na imenakiliwa ilivyo.

Tuanze na usingizi, kwa sababu ndio ulioivunja timu yangu. Kwenye mmoja kwa mmoja, mbinu za kulaza zilipigwa marufuku mwaka 2024, na hoja yake naielewa: aliyelazwa yuko peke yake uwanjani, hivyo mwenye naye ama amtoe, ama asubiri bahati ya kuamka huku mpinzani akijiimarisha bila kusumbuliwa. Kwenye wawili wawili, pembeni ya aliyelala yupo mwenzake aliye macho, na huyo anaendelea kupiga. Kiumbe Amoonguss ana Spore, mbinu ya unga wa kulaza isiyokosa shabaha, lakini mwendo wake ni wa polepole mno, na kabla hajafikiwa na zamu yake mpinzani anaweza kumfunga kwa Taunt, inayozuia mbinu zisizo za kushambulia, au kujikinga kwa Protect. Isitoshe, tangu mwaka 2013 viumbe wa aina ya majani hawadhuriki na mbinu za unga, na yeyote aliyebeba kifaa cha Safety Goggles yuko salama vilevile. Majibu yamejaa mezani, na ndiyo maana kanuni za VGC, mashindano rasmi ya Pokémon ya wawili wawili, zinauruhusu usingizi. Ukimnyang'anya Amoonguss Spore, unakuwa umeua mtindo mzima wa kucheza ambao haukuwa umemwonea mtu.

Palafin, kiumbe mwingine aliyemo kwenye orodha, naye ni hivyo hivyo. Nguvu zake za kutisha huja baada ya kutolewa uwanjani na kurudi. Kwenye mmoja kwa mmoja mbinu ya Flip Turn humtoa huku ikimwumiza mpinzani, na hapo gharama yake ni ndogo. Kwetu, ambako kila upande una wanne tu na mechi inaweza kuamuliwa katika zamu chache za mwanzo, kumwingiza, kumtoa na kumrudisha ni kazi ambayo wapinzani wawili hawatakaa kuitazama.

Kuna aliyenijibu kwamba madaraja ndiyo kipimo cha nguvu, kwa hiyo aliye juu ni hatari popote na aliye chini ni dhaifu popote. Si kweli hata kidogo. OU hupangwa kwa matumizi: kiumbe huingia humo akifikisha takriban asilimia 4.52, kiwango ambacho mtu akicheza mechi 15 ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kukutana naye walau mara moja. Kinachohesabiwa ni nani anachaguliwa, tena ndani ya mechi hizo za mmoja kwa mmoja tu. Mwaka 2014 Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa VGC akiwa na kiumbe Pachirisu, ambaye kwenye mmoja kwa mmoja hakuna aliyemhesabu, kwa sababu mbinu ya Follow Me ilimwezesha kuyavuta kwake mashambulizi yanayolenga kiumbe mmoja huku mwenzake akifanya kazi. Mbinu hiyo haina maana yoyote pale ambapo hakuna mwenzako wa kumlinda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mmechukua matokeo mkaacha utaratibu. Smogon wakimshuku kiumbe, mchezaji hupanda ngazi ya mechi zao za mtandaoni mpaka afikie kiwango kilichowekwa ndipo apate haki ya kupiga kura, na marufuku hupita kwa walau asilimia 60. Mtu anaweza kuuchukia uamuzi wao, lakini hawezi kusema hawakucheza. Ninyi hamkutuonyesha hata mechi moja ya mashindano haya iliyoharibiwa na mlichokipiga marufuku.

Nataka kanuni za siku ya kwanza zirudishwe leo. Mechi za raundi ya tatu zilizochezwa na watu waliolazimika kubadilisha timu usiku mmoja kabla zirudiwe, na anayetaka marufuku mpya ailete kabla ya usajili wa mashindano yajayo, pamoja na rekodi za mechi za wawili wawili zinazomfanya aamini inahitajika.