Mrejesho: mashindano ya roboti kwa wadogo zetu, Lubumbashi

Wakubwa zangu, niliwauliza timu yetu ya sekondari ingewezaje kuwaandalia watoto wa shule ya msingi mashindano ya roboti, tukiwa na roboti nne tu na umeme wa kukatikakatika. Tumefanya Jumamosi, na yamefana!

Aliyeshauri raundi za sekunde 150, kama za FIRST LEGO League, yale mashindano ya kimataifa ya roboti kwa watoto, alituokoa. Kila timu ilicheza mara tatu. Betri tulizichaji usiku, kwa hiyo umeme ulipokatika saa nne hakuna aliyeshtuka.

Kilichotusumbua ni jua. Roboti zinafuata mstari mweusi kwa kusoma mwanga unaorudi kutoka sakafuni, na jua la dirishani lilizichanganya kabisa. Mama mmoja wa Katuba akatoa kitenge chake, tukakitundika dirishani, tukapima upya vihisi, yaani vile vifaa vya roboti vinavyosoma mwanga. Zikatembea! Nilitaka kulia.

Mtoto mmoja aliiwekea roboti yake mikono ya katoni, ifanane na roboti za mhandisi wetu Mkongo, Thérèse Izay Kirongozi, za kuongoza magari barabarani. Pointi hakupata nyingi, ila zawadi ya ubunifu tulimpa yeye.

Aksanti mingi. Gia moja imevunjika, nitawauliza kesho.