Kuunda mashine ya kuchimba Bitcoin kwa chipu za FPGA: nianzie wapi, na je, inalipa?

mwanagenzi_saketi:

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Mwanza, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kutengeneza inveta za sola pamoja na bodi za friji na televisheni. Hivi karibuni nimejifunza Verilog, lugha ya kuandikia saketi za chipu, kwa kutumia bodi ndogo ya mafunzo yenye chipu ya FPGA ya Artix-7 35T, na nimevutiwa sana na wazo la kuunda mwenyewe mashine ya kuchimba Bitcoin kwa chipu za aina hii, ambazo mtu anaweza kuzipangia upya saketi ya ndani kila anapotaka.

Nimepakua msimbo huria wa uchimbaji wa mwaka 2011 na kuuingiza kwenye Vivado, programu ya kuandalia saketi za chipu hizi, lakini imeukataa kwa maelezo kwamba rejista (hifadhi za biti moja moja) na LUT (vijisehemu vya kufanyia mantiki) zinazohitajika zimezidi uwezo wa chipu. Je, ni lazima ninunue chipu kubwa zaidi, au kuna namna ya kuubana msimbo huo ukaingia? Je, ni busara kuchora bodi yangu yenye chipu nane na kuagiza itengenezwe China, au nibaki na bodi za mafunzo zinazouzwa tayari? Na mwisho, je, kitakachopatikana kinaweza kulipia umeme wa Luku na kurudisha mtaji? Naomba majibu yenye hesabu, kwa kuwa mitandaoni nimekutana na ahadi nyingi zisizo na namba. Naomba kuwasilisha.

Mhandisi Mkongwe:

Ndugu mleta mada, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linagusa yale mengine yote.

Chipu ya FPGA ya Spartan-6 LX150, ambayo wachimbaji waliitegemea sana mwaka 2011 na 2012, ilitoa takriban heshi milioni 200 (heshi ni jaribio moja la kukokotoa jibu analolitafuta mchimbaji) kwa sekunde kwa umeme wa wati kumi hivi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kadi ya michoro ya Radeon HD 5870 ilitoa takriban heshi milioni 400 lakini ikila karibu wati 200, na hivyo kwa kila wati moja FPGA ilifanya kazi mara kumi zaidi. Ndiyo maana bodi za FPGA kama ZTEX na Icarus zilitafutwa sana.

Neema hiyo haikudumu. Januari 2013 mashine za kwanza za Avalon, zenye chipu za ASIC zilizotengenezwa kwa kazi hii moja tu, zilianza kuwafikia wateja, na mwaka 2016 ikaja Antminer S9 iliyotoa heshi trilioni 13.5 kwa sekunde kwa wati zipatazo 1,300. Gawanya mwenyewe: ili kuifikia S9 moja utahitaji LX150 zipatazo 67,500, nazo zitakula kilowati 675. Na S9 yenyewe sasa imepitwa mbali, kwani Antminer S21 inatoa trilioni 200 kwa wati 3,500.

Tuje kwenye mapato. Mwaka 2024 mtandao mzima wa Bitcoin ulivuka eksaheshi 600 kwa sekunde, yaani 6 ikifuatwa na sifuri 20. Zawadi ya bloki moja tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125, na kwa mwaka hupatikana bloki zipatazo 52,560. Chipu ya heshi milioni 200, ikifanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa, fungu lake la mwaka mzima ni takriban satoshi tano na nusu, na satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin. Hata bitcoin moja ikiuzwa dola 100,000, fungu hilo halifikii senti moja ya dola. Upande wa pili, wati kumi kwa mwaka ni uniti 87.6, ambazo kwa takriban shilingi 350 kwa uniti zitakugharimu zaidi ya shilingi 30,000.

Kwa hiyo Bitcoin kwa FPGA hailipi, na hakuna ufundi wa bodi utakaobadilisha hesabu hiyo. Kama nia yako ni kujifunza, endelea kwa moyo wote. Kama ni kipato, nakusihi usiingize mtaji wa karakana yako humo.

Binti wa Mantiki:

Kaka mwanagenzi, kwenye hesabu za mkuu hapo juu sina la kuongeza, ila swali lako la msimbo linastahili jibu kamili, kwa sababu mtu akiielewa saketi hii vizuri ameelewa sehemu kubwa ya kazi ya FPGA.

Kichwa cha bloki ya Bitcoin kina baiti 80. SHA-256, kanuni ya kukokotoa heshi za Bitcoin, humeza baiti 64 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kichwa hicho hugawanyika vipande viwili, na nonsi, ile namba ya biti 32 ambayo mchimbaji huibadilisha kila mara, imo katika kipande cha pili. Kipande cha kwanza hakibadiliki wakati unajaribu nonsi mbalimbali, hivyo kompyuta hukikokotoa mara moja tu na kuipelekea chipu matokeo yake. Kazi inayobakia kwenye chipu ni mikupuo miwili, yaani kipande cha pili na kisha heshi ya heshi yenyewe, na kila mkupuo una raundi 64. Ukiuacha msimbo ukunjuke wote, raundi zote 128 hutandazwa kwenye chipu kama mafundi waliopangwa mstari mmoja kiwandani, kila mmoja akipokea kazi kutoka kwa aliyemtangulia na kumpa anayefuata, na kwa sababu hiyo kila mdundo wa saa ya chipu hutoka heshi moja kamili.

Hapo ndipo lilipo tatizo lako. Kila raundi hubeba hali ya biti 256 pamoja na maneno 16 ya ujumbe, ambayo ni biti 512, jumla 768. Zidisha kwa 128 upate rejista 98,304, ilhali Artix-7 35T ina rejista 41,600 na LUT 20,800 tu. LX150 ilikuwa na rejista zaidi ya 184,000. Msimbo ule, hata hivyo, una kigezo kiitwacho LOOP_LOG2. Ukikiweka kuwa 2, raundi zilizotandazwa hupungua hadi 32 na kila moja hutumika mara nne, rejista hushuka hadi 24,576, na heshi moja hutoka kila baada ya midundo minne. Kwa saa ya megahezi 100 utapata heshi milioni 25 kwa sekunde bila kununua chochote.

Zipo pia mbinu ambazo wachimbaji wa zamani walizitumia, na ningependa uziandike mwenyewe badala ya kuzinakili. Nonsi ni neno la nne la kipande cha pili, kwa hiyo raundi tatu za mwanzo haziigusi kabisa na zinaweza kufanywa na kompyuta. Upande wa mwisho, chipu inatafuta neno la nane la heshi likiwa sifuri tupu, na neno hilo hujulikana raundi tatu kabla ya kumaliza, kwa kuwa thamani ya e, mojawapo ya maneno manane ya hali yaitwayo a hadi h, huhama tu kuwa f, kisha g, kisha h, bila kuguswa. Raundi sita zimeondoka hivyo, ingawa mbinu hizi mbili hufaa zaidi saketi inapokuwa imekunjuliwa yote.

Iliyo muhimu zaidi inahusu kujumlisha. Katika kila raundi hujumlishwa h, K (namba ya kudumu ya raundi hiyo) na W (neno la ujumbe) pamoja na matokeo ya vitendo viwili vya mantiki, na mnyororo huo mrefu ndio utakaouona kwa rangi nyekundu katika ripoti ya muda ya Vivado. Lakini h ya raundi ijayo ni g ya raundi hii. Basi jumla ya g, K na W kwa ajili ya raundi ijayo inaweza kufanywa sasa hivi, ikawekwa kwenye rejista, na kusubiri zamu yake. Soma ripoti kabla ya badiliko hilo na uisome tena baadaye, na utaelewa kwa macho yako kwa nini saketi moja huenda kasi kuliko nyingine yenye kazi ileile.

Mtu wa Kivu:

Salaam kutoka Goma. Ningependa kuongeza kwamba FPGA haikufa pamoja na uchimbaji wa Bitcoin wa 2012. Uhai wake uko pale ambapo kanuni ya uchimbaji ni mpya, au hubadilishwa mara kwa mara kiasi kwamba mtengenezaji wa ASIC hawezi kurudisha gharama zake. Aprili 2018 sarafu ya kidijitali ya Monero ilibadilisha kanuni yake ili kuziondoa ASIC, na wenye kadi kubwa za FPGA za Xilinx wakapata nafasi yao. Nafasi hiyo ilifungwa Novemba 2019 sarafu hiyo ilipohamia RandomX, ambayo hutunga na kuendesha programu za kubahatisha na kudai zaidi ya gigabaiti 2 za kumbukumbu, na kwa kazi hiyo prosesa ya kawaida ndiyo bora. Kaspa, sarafu nyingine iliyoanza Novemba 2021, ilichimbwa kwa kadi za michoro, ikachimbwa kwa FPGA, hadi ASIC zilipowasili mwaka 2023. Ethereum nayo iliacha uchimbaji kabisa Septemba 2022. Nafasi hizi ni fupi, na anayezifaidi ni yule ambaye saketi yake iko tayari mapema, kwenye kadi zilizomgharimu maelfu ya dola.

Kuhusu umeme, katika Hifadhi ya Virunga Bitcoin imekuwa ikichimbwa tangu 2020 kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, na kampuni ya Gridless ya Kenya hufanya kazi kama hiyo kwenye mitambo midogo ya maji vijijini. Wote hutumia ASIC za kawaida, na nafuu yao inatokana na umeme ambao haukuwa na mnunuzi. Anayelipia uniti za nyumbani hawezi kushindana nao.

Fundi Bodi wa Mombasa:

Ndugu yangu, mimi huchora bodi za vifaa vya viwandani, na ninakushauri usianze na bodi ya chipu nane. Ugumu wake hauko kwenye kuunganisha mawasiliano. Uko kwenye umeme wa kiini cha chipu.

Kiini cha Artix-7 hutumia volti 1.0, kwa hiyo kila wati moja ni ampea moja. Chipu ikila wati nane, unapitisha ampea nane kwenye njia ya shaba ambayo haipaswi kupoteza hata sehemu ndogo ya volti. Sasa, zana ya Xilinx ya kukadiria umeme, usipoibadilisha, huchukulia kwamba asilimia 12.5 ya ishara ndizo hubadilika kila mdundo. Katika kazi nyingi makadirio hayo yanatosha. Katika SHA-256 hayatoshi hata kidogo, kwa sababu matokeo ya kila raundi yanafanana na namba za bahati nasibu, na karibu nusu ya biti zote hugeuka kila mdundo. Weka asilimia 50 uone namba inavyopanda. Bodi ya mafunzo yenyewe haikuwekewa rigulata (saketi ya kudhibiti volti) kwa mzigo wa namna hii, kwa hiyo hata saketi yako ndogo uipandishe kasi hatua kwa hatua.

Chipu yako ina kipimo cha ndani kiitwacho XADC, ambacho huonyesha joto na volti ya kiini moja kwa moja kwenye Vivado kupitia waya wa JTAG. Kiache wazi muda wote wa majaribio. Chipu za daraja la kawaida zina kikomo cha nyuzi 85 ndani ya chipu, lakini mimi hutazama volti kabla ya joto: ikianza kushuka kila uchimbaji unapowashwa, rigulata inaelemewa.

Siku utakapochora bodi yako, iwe ya chipu moja. Wewe unayetengeneza inveta unazifahamu saketi za kushusha volti kuliko wahitimu wengi wanaoanza kazi hii, na hapo ndipo penye nguvu yako. Penye udhaifu ni kuchomea chipu yenye mamia ya vidonge vya risasi chini ya tumbo lake, vilivyoachana kwa milimita moja au pungufu. Kazi hiyo waachie kiwandani.

mwanagenzi_saketi:

Nawashukuru sana wakuu, na wewe dada. Suala la kipato nimelifunga, na bodi ya chipu nane nimeiweka kando. Nimeweka LOOP_LOG2 kuwa 2 na saketi imeingia, ila ripoti ya muda inaonyesha upungufu wa nanosekunde 1.3 kwa megahezi 100. Je, nitajuaje kwamba heshi zinazotoka ni sahihi bila kujiunga na kundi lolote la wachimbaji?

Binti wa Mantiki:

Hongera, kaka. Upungufu wa nanosekunde 1.3 juu ya 10 maana yake ni kwamba saketi inahitaji nanosekunde 11.3, ambayo ni megahezi 88 hivi. Shusha saa hadi 80 kwanza, uhakikishe usahihi, kisha ndipo ulete ile mbinu ya kujumlisha mapema na kurudi 100.

Kwa uhakiki, tumia bloki ya kwanza kabisa ya Bitcoin, ya tarehe 3 Januari 2009. Kichwa chake kinajulikana na kila mtu, na nonsi yake ni 2083236893. Kokotoa kipande cha kwanza kwenye kompyuta, ipelekee chipu matokeo pamoja na maneno matatu yanayotangulia nonsi, na uanzishe kaunta chini kidogo, tuseme 2083236000. Chipu inapaswa kuripoti karibu papo hapo. Isiporipoti, angalia kwanza mpangilio wa baiti: katika kichwa ghafi nonsi hiyo huandikwa 1dac2b7c, ilhali kama namba ni 7c2bac1d, na maneno mengine ya kichwa nayo yanataka kugeuzwa vivyo hivyo.

Usishangae namba itakayoripotiwa ikiwa kubwa kuliko 2083236893. Heshi huchukua midundo mingi kupita raundi zote, na wakati inatoka mwisho kaunta imeshasonga mbele. Toa tofauti hiyo ndani ya msimbo. Kisha rudia jaribio ukianzia namba nyingine za chini: tofauti ikibaki ileile kila mara, saketi ni sahihi, na ikiyumba, au chipu ikinyamaza mara moja moja, bado saa iko juu kuliko saketi inavyoweza, au volti ya kiini inashuka kama alivyoeleza fundi wa Mombasa.