Anateseka hivi na bado hataki kutubu, hiki ni kiburi au ni nini?

Mpakani256
Shalom wapendwa, niko Busia upande wetu wa Uganda, nisaidieni kwa hili maana linaninyima usingizi. Mjomba wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa mpaka Juba, na wakati ule pesa inaingia akamtelekeza mkewe na watoto Tororo, akaoa mwingine huko njiani, pombe ndio usiseme. Sasa sukari imemmaliza, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti, yule mke wa pili alishaenda zake, mzee yuko hapa kwetu na mimi ndio namwosha kidonda. Wazee wa kanisa wakija kumwombea anaongeza redio mpaka mwisho. Juzi wakamwambia mzee tubu uokoke, akajibu kama Mungu ananidai basi achukue na huu uliobaki. Nilitetemeka banange. Usiku nikasoma Ufunuo 16, watu wanaunguzwa na jua, wanatafuna ndimi zao kwa maumivu, na badala ya kutubu wanamtukana Mungu. Mimi nilidhani maumivu yanalainisha mtu, sasa mbona wengine ndio wanakuwa wagumu zaidi?

Mlokole_Kabale
Pole sana ndugu. Hicho ni kiburi, tusikipambe. Soma Kutoka 9, mvua ya mawe ilipompiga Farao alikiri kwa mdomo wake kwamba amekosa na Bwana ni mwenye haki, mvua ilipokoma tu akarudi kulekule. Kwa hiyo maumivu yanaweza kumtoa mtu maneno ya toba na moyo usisogee hata kidogo. Halafu angalia 2 Nyakati, sura ya 28 mfalme Ahazi alivyozidi kubanwa ndivyo alivyozidi kuasi, lakini sura ya 33 Manase, ambaye uovu wake ulikuwa wa kutisha, alipofungwa minyororo akapelekwa Babeli alijinyenyekeza sana na Mungu akamsikia. Na hao ni babu na mjukuu, nyumba moja. Mateso hayakuamua, mtu mwenyewe ndiye aliyeamua. Mwombee, lakini ujue pia kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Dada_wa_Mbale
Mlokole hapo mwisho umekimbia sana kaka. Sisi huku Mlima Elgon tunajua maneno ya namna hiyo, tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Bududa ukafukia watu kule Nametsi, na mpaka leo utasikia mtu anasema ile ilikuwa dhambi za watu wa kule. Wakati Yesu mwenyewe aliletewa habari za kufanana na hizo, Luka 13, akautaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 akasema hao hawakuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Ila hakuishia hapo, aliwageukia waliosimama mbele yake akawaambia nyinyi nanyi msipotubu mtaangamia. Yaani toba aliidai kwa wazima!! Sasa wazee wenu wakiingia kwenye chumba kile kama watu wasiodaiwa chochote, mgonjwa anasikia kitu kimoja tu, kubali kwamba huu mguu ni mshahara wako. Nani atakubali hilo? Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu ndio unaomvuta mtu atubu.

Mpakani256
Dada umenigusa. Mzee mmoja alimwambia pale pale kitandani, kidonda kimefungwa bandeji, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hizo kelele za redio zilianza baada ya siku hiyo.

Mlokole_Kabale
Huyo mzee alikosa, na aende amwombe mgonjwa msamaha. Lakini bado sikubali kwamba ukali wa watu ndio sababu yote. Msalabani walikuwa wezi wawili, maumivu yaleyale, Yesu yuleyule katikati yao, mmoja akatukana na mwenzake akasema sisi tunapata tunayostahili. Wema ulikuwa karibu na wote wawili.

Kasese_Yetu
Kwa historia yetu mimi huwa namfikiria Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mashahidi wa Kikristo walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri yake, baadaye akapoteza ufalme, Waingereza wakamkamata 1899 wakampeleka Visiwa vya Shelisheli, huko akabatizwa jina Danieli na akafia huko 1903. Wengine wanasema alitubu kweli, wengine wanasema alikosa tu pa kukimbilia. Mimi nasema aliyemsikia ni Mungu, na huyo mjomba bado anapumua.

MamaJinja
Wote mmeongea vizuri lakini mbona hakuna aliyemuuliza yule mke wa Tororo?? Zakayo alipotubu alitaja watu aliowadhulumu na kwamba atawarudishia mara nne. Huyo mzee anagombana na Mungu kwa sababu Mungu hamjibu, ila yule mama atamwangalia usoni na anajua alichomfanyia. Mimi hapo naona aibu imevaa nguo za kiburi. Huwa anamtaja?

Mpakani256
Kumtaja hapana, ila wiki iliyopita aliniuliza kama kijana wake mkubwa alimaliza shule. Anti yuko, anauza mukene, yaani dagaa, sokoni Tororo, alisomesha watoto wote peke yake. Naweza kumpigia, sijui kama atapokea. Nimwambie mjomba kwanza au ninyamaze? Nikimwambia najua atakataa.

MamaJinja
Mwambie kwanza, usimvizie mgonjwa. Akikataa mwache siku kadhaa umuulize tena. Na anti naye asilazimishwe, msimpelekee wachungaji wa kumhubiria habari za kusamehe, mweleze tu hali ilivyo, na akisema haji msimlaumu.

Dada_wa_Mbale
Amina mama. Na hicho kidonda Mpakani usikimwagie spiriti, maji safi ya chumvi yanatosha, kikianza kunuka mrudishe hospitali siku hiyohiyo.