Lumosity, BrainHQ au Anki: ipi itanisaidia kumbukumbu kazini?

mtunzastoo
Habari za jioni wakuu. Nasahau sana kazini. Bosi anatoa maagizo matatu, nikifika mlangoni nimebaki na moja. Wiki hii nataka kulipia programu ya mazoezi ya ubongo kwa mwaka mzima. Nimechuja nikabaki na Lumosity na BrainHQ. Jamaa wa kazini anasema niachane nazo, nishushe Anki ya bure, ile programu ya kadi za kukariri. Aliyewahi kuzitumia anisaidie, ipi bora?

Mama Tatu
Hujasema una umri gani, unafanya kazi gani, unalala saa ngapi. Na unasahau nini hasa? Majina, namba, au ulichotumwa? Tuambie kwanza.

Mhasibu_Mtulivu
Kabla hujalipa, jua yaliyowakuta Lumosity. Januari 2016 kampuni yao ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri la FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji. Walikuwa wanatangaza kwamba michezo yao inainua utendaji kazini na shuleni na kuchelewesha usahaulifu wa uzeeni, na tume ikasema ushahidi wa hayo hawana. Tena mwaka 2010 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo mtandaoni kwa wiki sita. Walipanda kwenye michezo waliyoizoea. Walipopewa vipimo vya namna nyingine, faida haikuonekana. Kwa hiyo ukikariri vigae vya kwenye simu, utakuwa hodari wa vigae.

Ngamani
BrainHQ usiitie kapu moja na hao. Ina zoezi la kasi ya kuona na kutambua ambalo asili yake ni utafiti wa mazoezi ya ubongo uitwao ACTIVE, watu 2,832 wa miaka 65 na zaidi. Unaonyeshwa gari katikati ya kioo kufumba na kufumbua, na alama pembeni, kisha useme lilikuwa gari gani na alama ilikaa upande upi. Miaka 10 baadaye waliolifanya walikuwa bado wako mbele kwa kasi. Mimi nalitumia na nalipenda.

Mhasibu_Mtulivu
Ngamani, malizia basi. Kwenye utafiti huo huo kulikuwa na kundi jingine lililofundishwa kumbukumbu, na faida yake haikudumu kufika hiyo miaka 10. Na mwenye mada anauliza kumbukumbu. Umri wake wenyewe hatujaujua.

Bi Shamim
Mimi nawatahadharisha kuhusu malipo. Programu moja ya aina hii, jina naliacha, ilinipa siku za kujaribu bure kwa sharti niweke namba ya kadi. Nikasitisha kabla muda haujaisha, barua pepe ya uthibitisho ninayo mpaka leo. Mshahara ulipoingia, ikakatwa hela ya mwaka mzima, kwa dola, na makato ya benki juu yake. Nikawaandikia. Kila nikiandika narudishiwa maneno yale yale ya kunishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikaenda benki, nikajaza fomu ya kupinga muamala, dada wa kaunta akagonga muhuri, akaniambia nisubiri ujumbe. Ujumbe haujaja. Ile ilikuwa hela ya tuisheni ya mwanangu, nikaenda kumwomba mwalimu anivumilie. Mkilipa, tumieni kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, muweke kiasi kile kile tu.

Ngamani
Pole sana dada.

Kete Kumi
Mbona bao hamlitaji? Mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja. Mchezaji mzuri anautembeza mtaji wote, yaani mzunguko wa kula kete za mwenzio, kichwani, kona kwa kona, kabla hajagusa kete. Hilo ndilo zoezi la akili, na hukatwi hela.

Drafti_Mwananyamala
Drafti inalizidi. Kula ni lazima, kwa hiyo unamtegea mwenzio na kuhesabu hatua nyingi mbele.

Kete Kumi
Kwenye bao pia ukiwa na mtaji lazima ule. Inaonekana hulijui.

Mhasibu_Mtulivu
Yote mawili ni mazuri, lakini kanuni haibadiliki: bao litakupa ubingwa wa bao.

mtunzastoo
Samahani, nilikuwa kazini. Nina miaka 34, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Vinavyonisumbua ni maagizo ya mdomo na namba za bidhaa. Nalala saa saba usiku, naamka kumi na moja alfajiri.

Mama Tatu
Saa nne! Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hakuna programu itakayofidia hapo. Na maagizo ya mdomo mrudishie bosi kabla hujatoka: "Kwa hiyo ni saruji mifuko ishirini, nondo za milimita 12, misumari ya inchi nne." Kisha andika kwenye kijitabu.

Mhasibu_Mtulivu
Kwa namba za bidhaa, Anki ndiyo yenyewe. Mbele andika jina la bidhaa, nyuma namba yake. Unayoikosea inarudi upesi, unayoijua inakaa siku nyingi zaidi. Kwenye Android ni bure, kwenye iPhone inauzwa.

mtunzastoo
Nyumbani tuna mtoto mchanga, usingizi ni mgumu kwa sasa. Anki nitajaribu, ila BrainHQ bado inanivuta.

Ngamani
Wana zoezi la bure kila siku. Anza na hilo, usitoe hela kwanza.

Drafti_Mwananyamala
Kete Kumi, unacheza wapi? Na bao zuri linapatikana wapi hapa Dar, lenye mashimo ya kina, si yale ya kuuzia watalii?

Kete Kumi
Uko pande zipi? Nina fundi anayechonga la mninga, ila kete za komwe utajitafutia mwenyewe.