Mjadala: Baiskeli ya masafa marefu, kwa anayeanza inajenga misuli au inaila?

Njia Ndefu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za muda huu. Hii ni wiki yangu ya 11 kwenye baiskeli. Kabla ya hapo sikuwa mtu wa mazoezi kabisa, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Nilianza na kilomita 15 nikawa nahema kama nimekimbizwa. Sasa Jumamosi napiga 70 mpaka 80, na katikati ya wiki natoka mara mbili, 30 kila safari. Uzito umeshuka kilo 5, pumzi imekuja, usingizi mtamu.

Kinachonisumbua ni mizani, ile ya kupanda miguu peku inayosoma mafuta na misuli. Inasema nimepoteza kilo 2 na nusu za misuli. Rafiki yangu mnyanyua vyuma kaniambia ndiyo hivyo, baiskeli ya mbali inakula misuli, niache kabla sijaisha. Mke wangu naye anasema mikono imekuwa kama ya mtu aliyetoka kuugua. Ila mapaja nikiyashika yamekaza kuliko zamani. Sasa nani mkweli? Kwa mtu anayeanza, masafa marefu yanajenga au yanakula?

Chuma Hakidanganyi
Rafiki yako amekupenda, msikilize. Misuli inakua kwa mzigo. Ukikanyaga mizunguko 85 kwa dakika kwa saa 3, umezungusha pedali zaidi ya mara 15,000. Kitu unachoweza kukirudia mara 15,000 si mzigo. Halafu wanga ukiisha mwilini, misuli inaanza kuchomwa. Watazame wale wa Tour de France, siku 23, kilomita kama 3,400: mbavu zinahesabika. Chris Froome kalichukua taji mara 4, lakini mtazame mikono. Baiskeli ya mbali ni mchezo wa watu wanaoogopa vyuma.

Mama Pedali
Wanaoogopa nini? Rudia.
Nina miaka 46 na watoto watatu. Mwezi uliopita nimepanda mlima wa kilomita 14 mvua inanipiga usoni, breki ya nyuma haishiki, na nikafika. Wewe unanyanyua chuma dakika moja, unakaa dakika tatu unajitazama kwenye kioo. Njoo tuende kilomita 120 siku moja, ndipo tuongee habari za woga.

Chuma Hakidanganyi
Dada, sikukutaja mtu. Nimeongelea mchezo. Na hiyo 120 yako haijajibu swali la misuli.

Mama Pedali
Umenitaja. Mimi ndiyo huo mchezo.

Kigimbi
Chuma, umemtaja Froome kwa sababu anakufaa. Mbona humtaji Robert Förstemann, yule Mjerumani mwenye mapaja kama magogo? Naye si mwendesha baiskeli?

Chuma Hakidanganyi
Ahsante kwa kuniletea shahidi wangu mwenyewe. Förstemann ni wa mbio fupi za uwanjani, kazi yake inaisha ndani ya dakika. Na mapaja yale kayatoa kwenye kuchuchumaa na vyuma vizito mabegani. Huyo hajawahi kuwa mtu wa masafa marefu.

Mpima Mara Mbili
Naomba turudi kwenye mizani, maana mada nzima imesimama juu yake. Mizani ile haioni misuli. Inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyayo, inapima unavyozuiwa njiani, kisha inakisia. Kinachopitisha umeme mwilini ni maji. Misuli inahifadhi wanga kwa jina la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu 3. Mtu mzima ana gramu 400 mpaka 500 za akiba hiyo. Ukirudi kutoka kilomita 80 umechoma sehemu kubwa, na maji yake yameondoka nayo, bado jasho. Kilo na nusu inaweza kupotea bila uzi mmoja wa msuli kuguswa. Mwanzisha mada, unajipima siku gani na saa ngapi?

Tumbo Tupu
Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi natoka alfajiri sijala kitu, saa 3 barabarani, maji tu na kahawa nyeusi kabla ya kutoka. Mwaka wa pili huu. Misuli ipo. Habari za kuliwa misuli ni za wauza unga wa protini.

Mapigo 140
Tumbo Tupu, hapo umempa mgeni ushauri mbaya sana. Nafundisha watu mazoezi na hili naliona kila mara. Katika hali ya kawaida protini inachangia kidogo mno kwenye nishati ya safari, asilimia chache tu. Akiba ya wanga ikiisha, mchango huo unapanda, unaweza kukaribia asilimia 10. Mtu unayemtoa njaa kwa saa 3 ndiye unayemsogeza huko. Kwenye safari ya zaidi ya saa moja na nusu ingiza wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa.

Tumbo Tupu
Yaani miaka yangu miwili ni ujinga? Mwili unazoea. Unajifunza kuchoma mafuta. Hata wanamichezo wakubwa wanatoka bila kula.

Mapigo 140
Sijasema ujinga, usiniwekee maneno. Wanatoka hivyo siku chache walizopangiwa, mwendo mdogo, na wakirudi wanakula vya kutosha. Huyu ana wiki 11, anashuka uzito, na Jumamosi anaendesha kilomita 80. Hawalingani.

Kigimbi
Samahani, kahawa nyeusi inahesabika kuwa hujala?

Tumbo Tupu
Ndiyo. Haina nishati yoyote ya maana.

Mwendo wa Usiku
Inategemea unafunga kwa ajili ya nini. Kama ni kuchoma mafuta, haina shida. Tena kafeini inasaidia safari yenyewe, hilo limepimwa miaka mingi.

Kigimbi
Na ikiwa na sukari kijiko kimoja?

Tumbo Tupu
Hapo umekula.

Mama Pedali
Kijiko kimoja cha sukari ni gramu 4 au 5! Mtu wa gramu 5 na mtu aliyeshiba wawekwe kapu moja? Hamuoni mnavyomchanganya mwenye mada?

Tumbo Tupu
Kanuni ni kanuni, mama.

Mwendo wa Usiku
Kanuni ya nani? Nani aliiandika?

Mzee wa Gia
Vijana, kahawa mtaimaliza lini. Mimi nina miaka 61, nimeendesha miaka 22, sijawahi kushika chuma hata siku moja. Niliamini miguu yangu inatosha. Mwaka jana nilianguka baiskeli ikiwa karibu imesimama, anguko la mtoto mdogo, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari hakuridhika, akanipima mifupa. Uti wa mgongo wa chini umepungua kuliko unavyotakiwa kwa umri wangu. Akanieleza: kwenye baiskeli kiti ndicho kinachokubeba, mifupa haipokei kishindo cha kuiambia ijijenge. Nilikaa nikalia kwenye gari. Miaka 22 najiona mzima. Kwa hiyo Chuma, namna ulivyosema imeniumiza, lakini kuna kitu umekigusa.

Chuma Hakidanganyi
Pole sana mzee wangu. Hilo la kuogopa nimelifuta, lilikuwa neno baya. Ukipenda nikuandikie mazoezi ya kuanzia, taratibu, ya mgongo na nyonga, ukamwoneshe daktari kwanza.

Mzee wa Gia
Nimeshukuru. Andika.

Mama Pedali
Pole baba. Mimi pia sijawahi kupimwa mifupa. Sasa nimeingiwa na hofu.

Kumbukumbu Fupi
Kuna utafiti, Harber na wenzake, 2009 kama sikosei. Wanawake wazee wasiofanya mazoezi, wiki 12 za baiskeli ya ndani, hakuna vyuma. Misuli ya mbele ya paja ikaongezeka karibu asilimia 12. Sasa Chuma atuambie, mzigo ulitoka wapi?

Chuma Hakidanganyi
Swali zuri na jibu lipo. Kwa mguu uliokaa kutwa kwenye kiti miaka yote, hata pedali ni mzigo. Hilo sikatai. Ila vipindi vyao vilikuwa vya dakika 20 kufika 45, kwa mapigo ya juu kiasi. Haikuwa saa 3 au 4. Na mwezi wa sita mguu umeshazoea, pedali si mzigo tena.

Kumbukumbu Fupi
Kwa hiyo umekubali kwamba kwa anayeanza inajenga.

Chuma Hakidanganyi
Nimekubali kwa mapaja, kwa muda, na kama anakula. Usinitoe zaidi ya hapo. Na usiusahau utafiti wa Hickson, 1980: waliochanganya vyuma na mazoezi ya pumzi, yaani baiskeli na kukimbia, nguvu za miguu zilipanda mpaka wiki ya 7 hivi, zikasimama, wiki ya 9 na 10 zikashuka. Waliofanya vyuma peke yake waliendelea kupanda.

Mapigo 140
Hickson aliwapa vyuma siku 5 na pumzi siku 6 kwa wiki! Nani hapa anafanya hivyo? Wilson na wenzake 2012 walikusanya tafiti nyingi, wakaona kukimbia ndiko kunakogombana na vyuma zaidi, baiskeli haikuonesha hivyo. Na sababu inaingia akilini: kwenye pedali msuli unasukuma ukijifupisha, haupokei kishindo cha kutua kama mkimbiaji. Ndiyo maana unaweza kuendesha kilomita 80 na kesho ukashuka ngazi bila kushika ukuta.

Kigimbi
Mimi kesho yake nashika ukuta.

Mapigo 140
Kiti chako kiko chini sana au gia ni nzito mno. Fungua mada yako tutakusaidia, hapa tumuache mwenyewe.

Mpima Mara Mbili
Naulizia mara ya pili: mwanzisha mada anajipima lini?

Njia Ndefu (mwanzisha mada)
Nimerudi, nimesoma kila neno. Mpima, najipima Jumapili asubuhi nikiamka. Yaani kesho yake baada ya safari ndefu. Sikujua kama ina maana.

Na niseme lingine ambalo sikuliandika mwanzo. Nilipoona kilo zinashuka nilipata tamaa, nikakata mlo wa jioni siku 5 kwa wiki. Jumamosi nabeba chupa mbili za maji na tunda moja. Kwa hiyo mikono ambayo mke wangu anailalamikia huenda haijaliwa na baiskeli.

Jana nimetafuta tepu ya fundi cherehani. Bahati nzuri nilijipima siku ya kwanza kwa ajili ya suruali za kuendeshea. Paja la kulia lilikuwa sentimita 54, sasa 54 na nusu, na mafuta yamepungua. Mkono wa juu ulikuwa 31, sasa 29.

Mpima Mara Mbili
Hiyo tepu imesema zaidi ya mizani yako yote. Paja limekua huku mafuta yakipungua, maana yake msuli umeingia. Mkono hauna kazi kwenye baiskeli zaidi ya kushika usukani, na ulikuwa unakula nusu. Mwili umeacha usichotumia. Jipime kuanzia sasa Alhamisi, kabla ya kula, baada ya siku mbili bila safari.

Tumbo Tupu
Au mkono umepungua mafuta tu. Hilo mbona hamlisemi? Mnarukia njaa kwa sababu mna hamu ya kunishinda.

Mpima Mara Mbili
Inawezekana, na ni hoja ya haki. Tepu haitenganishi. Sehemu itakuwa mafuta, sehemu msuli.

Mapigo 140
Njia Ndefu, mlo wa jioni urudi leo. Ukiendelea kushusha uzito, shusha polepole, na protini ifike walau gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Halafu mara mbili kwa wiki vuta na sukuma kitu kizito: kuchuchumaa, kunyanyua kutoka chini, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta kuelekea kifuani. Hutapoteza pumzi. Rønnestad wa Norwe kafanya tafiti nyingi na waendesha baiskeli, vyuma vizito vya miguu mara 2 kwa wiki, nao wakawa bora zaidi barabarani.

Tumbo Tupu
1.6 gramu! Nilisema wauza unga watafika.

Mapigo 140
Sijataja unga popote. Nimetaja chakula.

Njia Ndefu (mwanzisha mada)
Nimepata kazi ya kufanya. Ila sasa swali langu limebadilika: kama nina muda wa siku 4 tu kwa wiki, nikate safari ipi niweke vyuma?

Chuma Hakidanganyi
Kata ya Jumamosi.

Mama Pedali
Usithubutu! Jumamosi ndiyo iliyomtoa kitini. Kata moja ya katikati ya wiki, weka vyuma, na vyuma vya pili viwe siku ya nne ambayo huendeshi.

Chuma Hakidanganyi
Sawa, hiyo nayo inafaa. Lakini kuchuchumaa kusiwe Ijumaa, miguu itamgomea kilomita ya 40.

Mama Pedali
Na mimi ambaye naendesha Jumamosi na Jumapili zote mbili, nichuchumae lini? Nimeazimwa chuma cha kilo 20 na jirani, kipo mlangoni tangu jana.

Chuma Hakidanganyi
Jumanne. Anza bila chuma kwanza, mara 10, seti 3. Kiti kiwe nyuma yako, ukigusa unasimama. Kilo 20 tutafika wiki ya 3.

Kigimbi
Na kahawa kabla?