Naomba ushauri: noki za mishale ya kaboni

Wakuu, salaam. Nipo Njiro, Arusha, nalenga shabaha kwa upinde wa rikavu (ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele). Nimepata mishale 12 ya kaboni, tundu la ndani milimita 4.2, haina noki, kile kiplastiki cha mkiani kinachoshika upote. Zangu za zamani ni za milimita 5, haziingii.

Niagize za kuchomeka moja kwa moja au za kuvalia pini ya aluminiamu, yaani kipande kinachochomekwa mkiani mwa mshale kisha noki ikavaa juu yake? Juzi mshale wangu mmoja uligongwa mkiani na mwenzake, kaboni ikachanika nyuzinyuzi. Iliniuma sana, ndiyo maana naegemea pini, ikinge kaboni.

Noki moja niliyoazimwa inaingia vizuri, ila mdomo wake unabana mno. Nikigonga upote kwa kidole mshale haubanduki. Nitafute yenye mdomo mpana, au uzi uliozungushiwa upote pale katikati, noki inaposhika, niubadilishe niweke mwembamba zaidi?